Mbwa aliyekimbia na familia yake naye aandikwe

BUKAVU, Kivu ya Kusini – Familia ikifika mjini ikikimbia vita, godoro kichwani, bidoni mkononi, mtoto mgongoni, na nyuma yao mbwa amefungwa kamba, watu wa pembeni ya barabara hawakosi neno. Mmoja anacheka. Mwingine anakasirika: "Chakula cha watoto hakuna, na nyinyi mnaleta mbwa?" Jioni, mwenye nyumba anayewapokea anasema watu waingie, ila mbwa abaki nje. Kesho yake, anayeandika majina ya wakimbizi anauliza wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Juu ya mbwa hakuna swali.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Mbwa ambaye hakuna aliyemwandika, hakuna atakayemchanja. Na mbwa asiyechanjwa katika kata iliyojaa watu ni hatari kwa watoto wote, wa wageni na wa wenyeji. Kwa hiyo familia iliyokimbia na mbwa isichekwe wala isifukuzwe. Mbwa huyo aandikwe, achanjwe, afungwe kamba, na awe na mtu mzima anayejibu kwa ajili yake.

Katika Marekani na Ulaya kuna watu wanaokwenda kulala porini kwa raha. Wana gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani, na mbwa wao wanampakia pia. Lakini hawamrushi tu ndani na kuondoka. Kwanza wanatafuta karatasi ya chanjo, kamba, bakuli la maji, na kibati cha shingoni chenye nambari ya simu. Wanauliza mapema kama huko wanakokwenda mbwa anakubaliwa. Wakifika wanamfunga, wanaokota mavi yake, na usiku hawamwachi azunguke kwenye mahema ya wengine. Mtu wa Kalehe akisikia hayo anaweza kusema ni mambo ya matajiri. Lakini kamba, maji, karatasi na heshima kwa jirani si utajiri. Vinahitajika zaidi pale ambapo watu hawalali kwenye hema kwa kupenda, na safari yenyewe haikupangwa na mtu yeyote.

Wakaaji wa Bukavu hawahitaji kuelezwa kukimbia ni nini. Tarehe 4 Mei 2023, maji na matope yalifunika Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa, na maelfu wakabaki bila nyumba. Mwaka 2024 vita viliwasukuma watu wengi Minova na vijiji vya kandokando ya ziwa. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23, na katikati ya Februari zamu ikawa ya Bukavu. Wengine waliteremka bonde la Ruzizi, wakavuka mto na kuingia Burundi, ambako uwanja wa mpira wa Rugombo ulijaa watu. Na hapa Kivu ya Kusini, wengi wa wanaokimbia hawaishi kwenye kambi. Wanaishi katika nyumba za ndugu, marafiki na hata watu wasiowajua, au katika shule na makanisa. Nyumba ya mbao ya vyumba viwili kule Kadutu inaweza kulaza familia mbili au tatu. Ndani ya msongamano huo ndimo mbwa naye anaingia.

Kwa nini mtu abebe mbwa wakati hata sahani ameziacha? Jibu linajulikana na kila aliyekulia kijijini. Mbwa si pambo. Ndiye anayelala mlangoni usiku, akisikia hatua za mwizi kabla mwenye nyumba hajaamka. Ndiye anayekwenda na watoto kuchunga mbuzi, na anayewafukuza nyani kwenye shamba la mahindi. Chakula chake ni mabaki ya bugali na vichwa vya sambaza, lakini kazi yake ni ya mlinzi. Familia iliyopoteza mbuzi, shamba na nyumba, mbwa huyo ni kitu kimoja cha nyumbani ambacho bado kinatembea. Na siku ya kurudi, watakapokuta mlango umevunjwa na majirani hawajarudi bado, ndiye atakayelinda usiku wa kwanza.

Kwa mtoto ni zaidi ya hapo. Mtoto aliyekimbia amepoteza shule, wenzake na kitanda chake. Mbwa aliyemjua tangu akiwa mdogo bado anamtambua, bado anatikisa mkia akimwona. Anayemwambia mtoto huyo kwamba "ni mbwa tu" hajafikiria ni vitu vingapi mtoto huyo amekwisha kunyang'anywa.

Wapo wanaosema dawa ni rahisi: mbwa aachwe kijijini, atajitafutia. Ni kweli atajitafutia, na shida inatoka hapo. Kijiji kikibaki tupu, mbwa walioachwa wanakaa na njaa siku chache, kisha wanaanza kutembea kwa makundi. Wanakula kuku na mbuzi waliobaki. Wanafukua takataka, na mahali penye vita wanafika hata kwenye miili ambayo haijazikwa. Wanakutana na wanyama wa porini, wanaumana, wanazaa. Miezi ikipita, watu wakirudi, wanawakuta mbwa wasiomjua mtu na wasiomwogopa mtu. Anayeumwa wa kwanza mara nyingi ni mtoto aliyetumwa maji.

Kuna hatari nyingine inayosahaulika. Mtu aliyeacha mnyama nyuma anashikwa na hamu ya kurudi kumtazama. Anasema: "Nakwenda asubuhi, narudi jioni." Anapita njia ambayo jana ilikuwa wazi na leo ina watu wenye silaha. Hakuna mbwa, wala mbuzi, wala ng'ombe, anayestahili mtu kupita katikati ya risasi. Ndiyo sababu uamuzi juu ya mnyama ufanyike siku ya kuondoka, si siku tatu baadaye.

Jambo hili si la Kivu peke yake. Mwezi wa Agosti 2005, dhoruba ya Katrina ilipopiga New Orleans, Marekani, wengi walikataa kuondoka nyumbani kwa sababu magari na vituo vya uokoaji havikukubali wanyama. Maji yakawakuta ndani. Mwaka uliofuata, 2006, nchi hiyo ilitunga sheria inayotaka mipango ya dharura ifikirie pia watu wenye wanyama wa nyumbani. Viongozi wake walikuwa wameona kwamba kumsahau mbwa ni kumsahau pia mtu asiyekubali kumwacha. Mwaka 2022, watu wa Ukraine walipokimbia vita, nchi za jirani kama Poland na Romania zililegeza masharti ya mpakani. Mbwa na paka waliingia na wenyewe hata bila karatasi zote, kisha wakashughulikiwa ndani ya nchi. Mkimbizi wa Kalehe hana thamani ndogo kuliko mkimbizi wa Kyiv. Mpango wa namna hiyo, kwa kipimo cha uwezo wa hapa, unawezekana.

Lakini wanaopinga nao wana haki ya kusikilizwa, maana si wote wana roho mbaya.

Wa kwanza ni mwenye nyumba. Ametoa chumba, ametoa mkeka, amegawa sufuria yake. Akisema hataki mbwa ndani, asiitwe mchoyo. Kama ni Mwislamu, mate ya mbwa yanamlazimu kuosha vyombo na nguo kwa utaratibu wa dini yake, na mahali pake pa kuswali lazima pawe safi. Mgeni anayeheshimu nyumba aliyopokelewa ataomba pembe ya uwanja, atamfunga mbwa huko, na atamtengea chombo chake ambacho hakichanganywi na vyombo vya watu. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni mwenye mbwa apewe pia kazi ya kufagia anapolala mbwa wake, tena kila asubuhi, maana mavi ya mbwa yana minyoo inayoweza kuwaingia watoto wanaocheza chini.

Wa pili ni mwenye boti. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa. Baada ya msiba huo, kapiteni anayesema chombo kimejaa asibishiwe, hata kwa mbwa mdogo wa kubebwa kifuani. Mbwa anayeshtuka katikati ya ziwa anaweza kuwafanya watu wahamie upande mmoja, na chombo kikapinduka. Ndani ya boti, mtu ni wa kwanza. Familia yenye mbwa ambayo bado ina nafasi ya kuchagua, heri ipite barabarani. Isipokuwa na nafasi hiyo, mbwa akabidhiwe jirani anayebaki, kwa jina na kwa maneno ya wazi. Asiachwe amefungwa kamba mahali pasipo na mtu, kwa sababu huyo atakufa kwa kiu. Kama hakuna wa kumkabidhi, afunguliwe.

Wa tatu ni mama anayeogopa kuumwa kwa watoto wake. Huyu ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, na hoja yake ina jina: kichaa cha mbwa, ambacho wengi mjini huita raje.

Ugonjwa huu hauna huruma. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, unaua karibu watu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote ni wa Afrika na Asia. Kati ya wagonjwa 100, hadi 99 waliambukizwa na mbwa. Kati ya watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 40 ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Virusi vinapita katika mate, vinaingia kwenye jeraha, vinafuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Mara nyingi dalili zinatokea baada ya miezi miwili au mitatu, lakini zinaweza kuja ndani ya juma moja au zikachelewa hata mwaka. Mgonjwa akifikia kuogopa maji na kuweweseka, hakuna tena dawa ya kumrudisha. Karibu wote hufa.

Kwa hiyo kila nyumba, iwe na mbwa au isiwe naye, ijue la kufanya mtu akiumwa. Kwanza, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Maji ni shida katika kata nyingi za Bukavu, lakini bidoni la siku hiyo litumike hapo kabla ya kazi nyingine yoyote. Pili, aliyeumwa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo, hata kama ni mkwaruzo tu, ili waganga waamue juu ya chanjo. Chanjo hiyo ni sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na hakuna ya kuruka. Tatu, majivu, pilipili na mafuta visiwekwe kwenye jeraha. Jiwe jeusi ambalo wengi hulitumia mtu akiumwa na nyoka haliwezi kutoa virusi vya kichaa cha mbwa. Nne, mbwa aliyeuma, kama ni wa kujulikana, asiuawe haraka. Afungwe mahali salama na atazamwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa anaambukiza alipouma. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo aende kwa mganga.

Hesabu ya pesa nayo inasema wazi. OMS inakadiria kwamba kumtibu mtu aliyeumwa kunagharimu kwa wastani kama dola 108, mzigo usiobebeka kwa familia inayoishi kwa dola 1 au 2 kwa siku. Na mara nyingi chanjo ya watu haipatikani karibu. Mbwa anakingwa kwa sindano moja tu, inayorudiwa kwa muda ambao mtaalamu wa mifugo ataelekeza. Anayesema hakuna pesa za kuchanja mbwa atazitafuta mara nyingi zaidi ya hizo siku mtoto atakapoumwa.

Mfano upo ndani ya Afrika Mashariki yenyewe. Katika kisiwa cha Pemba, Zanzibar, mbwa walichanjwa kwa kampeni zilizorudiwa mwaka baada ya mwaka, na kichaa cha mbwa kikatoweka. Kampeni zilipolegea, mwaka 2016 ugonjwa ulirudi kutoka nje ya kisiwa. Uchanjaji ukaanza upya, ukazimwa tena. Bukavu si kisiwa, na mbwa wanaingia kila siku kutoka kila upande. Lakini funzo ni lilelile: wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakiwa wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kuua mbwa ovyo kwa sumu au risasi hakuleti matokeo hayo. Wanaouawa ni pamoja na waliokwisha kuchanjwa, na nafasi yao inajazwa upesi na wengine wasiojulikana walikotoka.

Basi ni nini kifanyike hapa?

Kwa wanaoandika wakimbizi, kwenye kata, shule, makanisa au mashirika, kuna mstari mmoja wa kuongeza kwenye karatasi: familia hii ina mbwa? Wangapi? Wamechanjwa? Swali hilo halichukui hata dakika moja. Lisiwe mtego wa kuinyima familia chakula, maana zikisikia hivyo familia zitaficha mbwa na hesabu itakuwa bure.

Kwa huduma ya serikali ya uvuvi na ufugaji, na kwa mashirika yanayoleta msaada, karatasi hiyo iwe mwanzo wa kazi. Siku ya kugawa unga na shitingi, mtaalamu wa mifugo akae pembeni na kisanduku chake cha baridi, na mbwa wa wageni wachanjwe pamoja na wa wenyeji. Ni lazima iwe pamoja. Wakichanjwa wa wageni tu, mwenyeji ataona amesahauliwa katika kata yake mwenyewe. Tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, inafaa iwe siku ya sindano katika Ibanda, Kadutu na Bagira, isiishie kwenye hotuba.

Kwa machefu wa kata na wa avenyu, kazi ni kuketisha mwenyeji na mgeni kabla ugomvi haujaanza. Wakubaliane mbwa atalala wapi, atafungwa saa ngapi, nani atamlisha, nani ataulizwa akiuma. Maneno hayo yakisemwa mapema mbele ya mashahidi, majirani wengi hawatafika kwenye mawe na matusi.

Na kwa familia zenyewe, zile zilizokwisha kukimbia na zile ambazo bado zinasikiliza milio kutoka mbali, maandalizi ni madogo. Kamba imara ikae mahali panapojulikana. Karatasi ya chanjo iwekwe pamoja na kadi za uchaguzi na karatasi za shule za watoto. Chombo kimoja cha maji kitengwe. Mbwa azoeshwe kufungwa na kutembea kwa kamba sasa, wakati kuna utulivu, kwa sababu mbwa asiyejua kamba ataikata au atauma siku ya kelele. Mtoto mdogo asiachiwe kumshika katikati ya umati. Na ijulikane tangu leo nani katika familia atamwongoza mbwa, na ni jirani gani atakayemchukua ikishindikana.

Wapo watakaosema kwamba katika mji ambao watu wanakufa kwa risasi, kipindupindu na njaa, kuzungumza juu ya mbwa ni anasa. Ingekuwa hivyo kama mbwa wangekaa mbali na watu. Lakini wanalala uwanja mmoja na watoto. Mbwa wa mkimbizi akipewa sindano na kamba, atalinda nyumba mbili usiku, ya mwenyeji na ya mgeni. Akisahauliwa, mtoto wa yeyote kati yao anaweza kulipa kwa maisha yake.

Ni mwito kwa kila mwenye kalamu na orodha ya wakimbizi mkononi: baada ya kuhesabu watoto, aulize pia juu ya mbwa.